Kifungo cha Shuleni: Jinsi Aibu Ilivyoambatanishwa na Lugha ya Mama katika Madarasa ya Kenya

Miongoni mwa vifaa vilivyopata kutumika katika shule za Kenya, kimo kimoja ambacho hakikununuliwa kwa karo ya mzazi yeyote. Baadhi ya shule zilikiita monita, nyingine zikakiita diski. Mara kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba, mara bamba la chuma. Na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekutana nacho huko Limuru katika miaka ya hamsini, anasimulia katika Decolonising the Mind (1986) kwamba kwao kilikuwa kifungo tu.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Asubuhi kifungo kilikabidhiwa mwanafunzi mmoja. Huyo alikaa nacho mpaka amsikie mwenzake akisema lugha ya nyumbani, naye akamkabidhi. Aliyekabidhiwa alitega sikio vivyo hivyo hadi apate wa kumtwika mzigo. Jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, na huyo akamtaja aliyemtangulia, hata mnyororo mzima wa wakosaji wa siku hiyo ukafumuka. Adhabu yao ilikuwa viboko vitatu hadi vitano vya matakoni, au kuvishwa shingoni bamba lenye maandishi ya kumtangaza aliyelivaa kuwa mjinga au punda, au kutozwa faini ambayo watoto wa wakulima maskini waliimudu kwa shida.

Kisa hiki kimekwisha kujadiliwa sana, na aghalabu kimejadiliwa kama suala la siasa: ni nani aliyetawala lugha, na ni nani aliyenyang'anywa. Mjadala huo ni wa haki, ila unaacha jambo moja bila kuelezwa. Mtoto aliyechapwa kwa kusema Kikuyu, Kiluo au Kikamba alikua, akasoma, akapata kujua kwa akili yake yote kwamba lugha ya wazazi wake haina upungufu wowote wa kuonewa haya. Hata hivyo, lugha hiyo iliposemwa kwa sauti katika ofisi au mbele ya wageni, huenda alijikuta akijikunyata na kuangalia huku na huku. Akili ilikwisha kukata shauri, lakini mwili ulikuwa bado haujaarifiwa. Aibu hiyo ilijengwaje hata ikawa haisikii hoja? Makala haya yanajaribu kuujibu ulizo huo kwa msaada wa elimu-nafsi, hususan tawi lake linalochunguza jinsi viumbe wanavyojifunza kwa kuambatanisha jambo na jambo.

Mbwa wa Pavlov na mtoto wa Baltimore

Ivan Petrovich Pavlov (1849–1936) hakuwa mwalimu wala mtaalamu wa nafsi. Alikuwa mwanafiziolojia, na tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 1904 ilikuwa ya utafiti wake juu ya uyeyushaji wa chakula mwilini. Katika maabara yake huko Saint Petersburg ilidhihirika kwamba mbwa walitokwa na mate hata kabla ya chakula kufika kinywani. Ilitosha kumwona mtumishi aliyezoea kuwalisha. Mtu mwingine angaliuona usumbufu wa kuharibu vipimo vyake. Pavlov aliuona kuwa ndilo jambo lenyewe, akatumia zaidi ya miaka thelathini iliyobaki ya maisha yake kulichunguza.

Chakula kinywani huleta mate bila mafunzo. Hicho ni kichocheo cha asili. Mlio wa metronomu, yaani chombo cha wanamuziki cha kupimia mwendo, hauleti mate. Lakini mlio huo ukitangulia chakula mara kadhaa, hatimaye mlio peke yake, pasipo chakula, utayaleta. Masimulizi ya watu humpa Pavlov kengele na kuishia hapo. Kwa kweli maabara yake ilitumia ishara za kila namna, zikiwemo milio ya umeme, taa na kuguswa kwa ngozi. Ishara yenyewe ni kitu chochote. Kinachoipa nguvu ni jirani yake.

Katika kazi hiyo ndefu yapo mambo matatu yanayohusu habari ya kifungo. Kwanza, ishara yapasa itangulie tukio, tena iwe karibu nalo. Mwanya ukiwa mrefu, mafungamano huwa dhaifu au hayapatikani. Pili, ishara iliyokwisha kupata nguvu yaweza kuitia nguvu ishara nyingine iliyo jirani yake, hata kama hiyo ya pili haijapata kukutana na tukio la asili. Tatu, ishara ikirudiwa mara nyingi bila tukio, mwitikio hufifia. Lakini kufifia si kufa. Mbwa aliyeonekana kusahau, akipumzishwa na kupigiwa mlio tena, hutokwa na mate kana kwamba hakupata kusahau.

Mate ni jambo moja na hisia ni jambo jingine. Walioivusha elimu hii kutoka tumboni hadi moyoni ni John B. Watson na Rosalie Rayner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, katika jaribio walilolitangaza mwaka 1920. Walimchukua mtoto mchanga aitwaye Albert katika maandishi yao, mwenye umri wa miezi kumi na mmoja hivi, ambaye hakuogopa wanyama. Kila alipomgusa panya mweupe, upande wa chuma uligongwa kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Haikuchukua muda, panya peke yake akamliza. Lililo zito zaidi ni kwamba hofu haikukaa kwa panya. Ilitambaa ikamfikia sungura, ikafika kwa mbwa, ikafika kwenye koti la manyoya na hata kinyago cha Baba Krismasi chenye ndevu nyeupe. Waswahili hawakuhitaji nyundo kulijua hili. Wamesema tangu zamani kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Jaribio hilo lina dosari ambazo wataalamu wa baadaye hawakusita kuzitaja. Lilikuwa la mtoto mmoja tu, na hofu yake ilipimwa kwa macho ya watu walewale waliotaka kuiona. Isitoshe, mtoto aliondolewa hospitalini kabla ya hofu hiyo kuondolewa, ilhali waliomwogopesha walijua mapema kwamba angeondoka. Kwa upande wa utu, hilo ni doa lisilofutika. Hata hivyo kiini cha jambo, kwamba hofu ya binadamu yaweza kupandwa kwa kuambatanisha, kimethibitishwa mara nyingi baadaye kwa njia zilizo safi zaidi.

Kazi ambayo kifungo kilifanya

Sasa yafaa kifungo kitazamwe upya. Yapo mafunzo ya namna mbili ndani yake, nayo huchanganywa kila siku. Namna ya kwanza ni mafunzo ya matokeo: mtoto anasema, anachapwa, anajifunza kutosema. Haya ndiyo Edward Thorndike na baada yake B. F. Skinner waliyoyashughulikia, nayo yanahusu kile ambacho mtoto anatenda. Namna ya pili inahusu kile ambacho mtoto anahisi. Maumivu ya fimbo na kicheko cha wenzake ni vichocheo vya asili. Hakuna anayefundishwa kuumia, wala haihitaji darasa kujua uchungu wa kuchekwa. Chochote kinachotangulia maumivu hayo mara kwa mara hupata sehemu ya uchungu wake. Katika shule ya kifungo, kilichotangulia kilikuwa sauti ya lugha ya mama.

Lakini hapa inazuka pingamizi ya haki. Mtoto aliteleza ulimi saa nne ya asubuhi. Fimbo ilimngojea jioni. Kwa kanuni ya Pavlov mwanya huo ni mrefu mno. Neno lililosemwa saa nne lilipaswa kuwa limesahauliwa, na fimbo ya jioni ingaliambatana na jioni yenyewe, au na uso wa mwalimu, si na neno. Ikiwa ni hivyo, lugha iliingiaje katika hofu?

Jawabu limo ndani ya kifungo chenyewe, na ndilo linaloonyesha kwa nini wenye shule hawakutosheka na amri tupu ya kukataza. Neno lilipotoka tu kinywani, mara kifungo kiliingia mkononi. Hapo hapakuwa na mwanya. Kisha kifungo hicho kilikaa mfukoni au shingoni mpaka kipate mtu mwingine au mpaka jioni ifike, kikafungamana na fimbo. Hivyo kilikuwa daraja. Upande mmoja kiligusa neno, upande wa pili kiligusa maumivu, na katikati ya ng'ambo hizo mtoto alitembea mchana kutwa na hofu aliyoweza kuipapasa kwa vidole. Baada ya siku chache kifungo hakikuhitaji tena fimbo ili kutisha. Kilikuwa ishara iliyokomaa, yenye uwezo wa kulitia hofu neno lolote lililokivuta. Kiswahili kina bahati ya kutumia neno moja kwa kile kinachofunga shati na kile anachohukumiwa mhalifu, na hapa maana zote mbili zilikutana mkononi mwa mtoto wa miaka kumi.

Kuna hila nyingine. Mtoto hakujua ni nani mwenye kifungo kwa saa ile. Angalijua, angaliweza kumkwepa huyo mmoja na kustarehe na wengine. Kwa kuwa hakujua, kila sikio lilikuwa sikio la hatari, na hofu ambayo ingalikaa kwa mwalimu ikaenea uwanjani, chini ya miti, njiani kwenda nyumbani, na kwa rafiki wa karibu kuliko wote. Tena aliyekuwa na kifungo alipata faraja siku alipomnasa mwenzake. Ngũgĩ anasema kwamba watoto walifundishwa hivyo kuwa wasaka wachawi, na thamani ya kuwasaliti watu wa jamii yao wenyewe. Kwa lugha ya Pavlov yaweza kuongezwa kwamba walifundishwa kuonja nafuu pale jina la mwingine lilipotajwa.

Tena hofu haina adabu ya kukaa pale ilipowekwa. Wenye shule walikusudia iangukie lugha ya mama peke yake ili mtoto akimbilie Kiingereza. Lakini mtoto asiyekijua Kiingereza vizuri hakuwa na pa kukimbilia: akisema kwa lugha yake anapewa kifungo, akisema kwa lugha ya mwalimu anachekwa kwa kukosea. Lugha zote mbili zikawa jirani wa maumivu. Kilichobaki salama ni kunyamaza. Mwalimu anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawajibu maswali, hukaa wameinamisha vichwa hata wanapolijua jawabu, huenda anaona matunda ya mti uliopandwa na mwalimu wa darasa la chini. Kiswahili nacho hakikusalimika. Katika shule nyingine diski ilimwangukia hata mwanafunzi aliyekisema nje ya kipindi chake, kisha saa ya kipindi ilipofika alitakiwa akipende.

Upande wa pili wa mizani haukuachwa mtupu. Ngũgĩ anaeleza jinsi mafanikio yoyote katika Kiingereza yalivyopewa zawadi, sifa na makofi. Anamkumbuka pia mvulana aliyepata alama za juu kabisa katika masomo mengine lakini akaanguka Kiingereza, basi akahesabiwa ameanguka mtihani mzima, akaishia kuwa utingo katika kampuni ya mabasi. Lugha moja iliandamana na makofi, nyingine na kiboko.

Haifai kudhani kwamba hila hii ilibuniwa Kenya. Katika karne ya kumi na tisa shule kadhaa za Wales zilikuwa na kipande cha ubao chenye herufi W.N., kilichovishwa mtoto aliyesema Kiwelisi na kupitishwa kwa mwingine kama kifungo cha Limuru. Aliyebaki nacho mwishoni ndiye aliyeadhibiwa. Serikali haikutunga sheria ya kuamuru jambo hilo, na wako wazazi walioliridhia wakiamini kwamba Kiingereza ndicho njia ya riziki. Bretagne, huko Ufaransa, nako kulikuwa na kidude cha namna hiyohiyo. Owen Morgan Edwards, aliyevishwa kibao hicho akiwa mtoto katika shule ya Llanuwchllyn, alikuja kuwa mkaguzi mkuu wa shule za Wales mwaka 1907, akakitumia cheo hicho kukirejesha Kiwelisi madarasani. Pavlov alikuwa hajazaliwa wakati vibao vya Wales vilipokwisha kuzoeleka. Walimu hao walitumia kanuni bila kuijua, kama vile mpishi atumiavyo kanuni za kemia.

Kabla ya kifungo

Je, kila aliyevishwa diski aliichukia lugha yake? La, na mfano ulio wazi ni Ngũgĩ mwenyewe. Alifundishwa aibu hiyo, lakini mwaka 1977 alishirikiana na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kuandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, ukachezwa na wanakijiji wa Kamirithu. Serikali iliupiga marufuku, na tarehe 31 Desemba mwaka huohuo akatiwa kizuizini. Akiwa katika gereza la Kamiti aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ juu ya karatasi za msalani, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Hadi alipofariki mwezi Mei 2025 aliendelea kuitetea lugha aliyochapwa kwa ajili yake. Kama nadharia ya kuambatanisha ni ya kweli, mtu huyu ameiponyokaje?

Sehemu ya jawabu imo katika yale anayoyasimulia juu ya miaka ya kabla ya kifungo. Jioni watu wazima kwa watoto walikaa kandokando ya moto wakisimuliana hadithi, nyingi zikiwa za wanyama, na sungura mnyonge akiwashinda wakubwa kwa akili. Shule yake ya kwanza, Kamaandura, ilikuwa ya wamishonari. Ya pili, Maanguu, ilikuwa miongoni mwa shule za kujitegemea ambazo Wakikuyu walizianzisha baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati yao na misheni. Huko masomo yalikuwa kwa Kikuyu, na makofi ya kwanza aliyopata kupigiwa kwa maandishi yake yalikuwa ya insha ya Kikuyu. Kwa miaka minne lugha ya darasa na lugha ya nyumbani zilikuwa kitu kimoja. Ndipo mwaka 1952 ilipotangazwa Hali ya Hatari. Shule za kujitegemea zilitwaliwa na kuwekwa chini ya bodi za elimu za wilaya, chuo chao cha ualimu cha Githunguri kilichoanza mwaka 1939 kikafungwa, na Kiingereza kikawa mfalme.

Mwaka 1959 watafiti R. E. Lubow na A. U. Moore walionyesha kwamba kichocheo ambacho mnyama amekwisha kukizoea kwa amani huchelewa kugeuka ishara ya kitu kingine. Ikiwa kanuni hiyo yaweza kuvushwa kutoka maabara hadi maisha ya mtoto, na ni kweli kwamba kuvusha huku kunahitaji hadhari, basi kifungo kilimkuta Ngũgĩ akiwa na lugha iliyokwisha kujaa moto wa jioni na makofi ya darasani. Hofu haikupata uwanja mtupu wa kujenga.

Waliomfuata hawakuwa na akiba ya shuleni kama hiyo. Mwaka 1957 ulianza katika shule za Wahindi za Nairobi mpango mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza, nao ukaenea upesi katika shule za Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964, ya Kenya iliyokwisha kujitawala, ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia kuanzia darasa la kwanza. Sababu zake zilikuwa na uzito: watoto wa makabila mengi katika shule moja, uhaba wa vitabu, haja ya umoja. Lakini kwa upande wa hisia, maana yake ilikuwa kwamba mtoto aliweza kumaliza masomo yote bila kukutana na lugha ya mama ndani ya ua wa shule ila kama kosa.

Maji chini ya mlango

Mnamo Septemba 1924 mto Neva ulifurika na kuuzamisha mji wa Leningrad. Mbwa wa Pavlov walikuwa wamefungiwa vibandani, na maji yakapanda karibu na dari. Wahudumu waliwaokoa kwa shida, ikabidi mbwa waogeleshwe katika dhoruba hadi kwenye jengo la maabara. Hakuna aliyekufa maji. Lakini baadhi yao walipoteza miitikio yote waliyokuwa wamezoeshwa, na mmoja, ambaye Pavlov anamweleza kwa kirefu, alichukua muda mrefu kurudi katika hali yake. Aliporudi, watafiti walipitisha maji kidogo chini ya mlango wa chumba. Utepe huo mwembamba wa maji sakafuni ulitosha kumrejesha katika fadhaa yote ya gharika.

Sheria za Kenya kuhusu adhabu shuleni zafaa zisomwe pamoja na habari hiyo. Kanuni za nidhamu za mwaka 1972 ziliiwekea fimbo mipaka: uchunguzi ufanyike kwanza, shahidi awepo, wanafunzi wengine wasiwepo. Waliozitunga kanuni hizo walihisi, hata kama hawakulitamka, kwamba macho ya wenzake ni sehemu ya kipigo. Mwaka 2001 fimbo ilipigwa marufuku kabisa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, iliongeza kukataza mateso ya akili sawa na ya mwili. Hatua hizi ni za kusifiwa. Hata hivyo ziliondoa tukio, hazikuondoa ishara. Diski haitajwi kwa jina katika kifungu hicho, na katika baadhi ya shule iliendelea kuzunguka shingoni mwa watoto miaka mingi baada ya fimbo kukatazwa. Hata pale ilipotupwa, walimu na wazazi wengi walikuwa wenyewe wamekua chini yake, na uso wa mwalimu unaokunjamana mtoto anapoteleza ulimi ni maji ya kutosha chini ya mlango.

Ni dhahiri pia kwa nini hotuba za kuzisifu lugha za Kiafrika zimefanya kazi ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Hotuba huzungumza na akili, nayo akili haina ugomvi na lugha hizo. Mzazi anayepiga makofi kwenye mkutano wa kutetea lugha za Kiafrika, kisha akirudi nyumbani anamwambia mwanawe aseme Kiingereza mbele ya wageni, si lazima awe mnafiki. Huenda ni mtu mwenye mafunzo mawili, moja la mkutanoni na jingine la uwanja wa shule, na la uwanja wa shule ndilo la zamani zaidi.

Basi hofu iliyopandwa hivyo huondolewaje? Mwaka uleule wa gharika, Mary Cover Jones alichapisha huko Marekani habari za mtoto aliyemwita Peter, wa umri usiotimia miaka mitatu, aliyeogopa sungura. Jones hakumweleza Peter kwamba sungura hana madhara. Alimketisha mezani, akampa chakula alichokipenda, na sungura akawekwa mbali ndani ya kizimba. Siku baada ya siku kizimba kilisogezwa karibu kidogo, kila mara chakula kikiwapo. Tena waliletwa watoto wengine ambao hawakuogopa, wakamshika sungura mbele yake. Kwa hatua hizo ndogo hofu ilianza kupungua.

Mwaka huohuo wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilikuwa ikizuru Afrika Mashariki, na katika ripoti yake ilipendekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini. Kamati ya Gachathi ilirudia shauri hilo mwaka 1976, kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umelirudia tena. Mara nyingi shauri hili hutetewa kwa hoja ya ufahamu: mtoto huelewa hesabu mapema zaidi kwa lugha anayoijua. Hoja hiyo ni sahihi, ila si yote. Darasa ambamo mtoto anaimba, anahesabu, anasifiwa na kuchekeshwa kwa lugha ya mama ni meza ya Peter. Mazoezi ya Kamirithu ya mwaka 1977 yalikuwa meza ya namna hiyo kwa watu wazima: yalifanywa hadharani mbele ya kijiji, na watu waliosema Kikuyu kwa sauti kuu waliitikiwa kwa kicheko cha furaha, si cha dhihaka.

Mashauri hayo yote yalikutana na vikwazo vilevile: vitabu haba, walimu waliopelekwa mbali na lugha wanazozijua, mtihani wa mwisho ulioandikwa kwa Kiingereza, na wazazi walioipeleka fedha yao kwenye shule isiyosema lugha yao. Kila mara hatua ilipopigwa, ilirudishwa. Wapo waliohitimisha kwa sababu hiyo kwamba jambo lenyewe haliwezekani.

Peter naye alirudishwa. Matibabu yake yalipokuwa yanaendelea vizuri aliugua, akalazwa hospitalini kwa miezi miwili. Siku ya kutoka, akiwa anaingia katika teksi pamoja na muuguzi, mbwa mkubwa aliwarukia. Muuguzi alishtuka sana, na hofu ya Peter ikarudi ilikokuwa mwanzo, hata kwa sungura. Jones hakukata tamaa, ila alibadili njia. Hapo ndipo alipoanza kutumia chakula mezani, na kizimba akakisogeza karibu kidogo kidogo, mpaka siku Peter alipomwacha sungura aviguguneguguna vidole vyake.